Mzee, winga na wanajeshi wa udongo: siku yetu Xi'an na mwongozaji wa kukodi

Sisi wa Kariakoo tunaijua China kwa maghala yake. Muulize mfanyabiashara yeyote aliyezoea safari za Guangzhou, atakutajia mtaa wa Xiaobei, mtu wake wa kargo, bei ya CBM moja (mita moja ya ujazo wa mzigo) ya wiki hii, na mgahawa unaopika wali wa nazi karibu na hoteli. Ukimuuliza kuhusu Ukuta Mkuu atakwambia ameuona kwenye kalenda.

Baba yangu ni mmoja wao. Anauza vifaa vya umeme: swichi, soketi, taa, nyaya. China yake kwa miaka yote ilikuwa Guangzhou na Yiwu, basi. Oktoba ile tulikuwa tumeshalipa malipo ya awali na kiwanda kimeomba muda wa kufungasha mzigo, nikategemea atasema tukae hotelini tupumzike. Badala yake akasema, "Nipeleke nikawaone wale wanajeshi wa udongo kabla haya magoti hayajagoma kabisa." Tukapanda ndege kwenda Xi'an.

Nilikodi mwongozaji na gari la peke yetu kwa sababu ya hayo magoti. Ziara za makundi zipo tele na bei yake ni nafuu, lakini nimewaona: watu arobaini nyuma ya bendera ndogo, mwongozaji ana kipaza sauti kiunoni, anayechelewa anaachwa chooni. Mzee wa miaka sabini anayetembea hatua tatu na kusimama hafai kule. Tena tulikuwa na mambo yetu, chakula halali na sala. Nilitafuta mwongozaji anayezungumza Kiswahili, maana vipo vyuo China vinavyokifundisha, ila Xi'an sikumpata. Tukachukua binti anayezungumza Kiingereza.

Ninavyoona, unachonunua kwa pesa ile si elimu ya mwongozaji wala kiyoyozi cha gari. Unanunua haki ya kusema "hapa tukae" na "hapa tupite." Na haki yenyewe, kama mzigo wowote, huipati mpaka uidai. Watu wetu wana adabu mno mbele ya mwenyeji. Akisema twende wanakwenda, akisema tungoje wanangoja, halafu jioni wanarudi hotelini kulalamika kwa Kiswahili.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote nilimwandikia kwenye WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina. Nikauliza bei inabeba nini na nini: gari, dereva, mafuta, maegesho, tiketi za kiingilio, chakula cha mchana, na saa ya ziada tukichelewa inatozwaje. Nikataka majibu kwa maandishi, moja moja. Nikamwambia mzee hawezi ngazi nyingi, anahitaji msikiti kabla ya Alasiri, na hatutaki kupelekwa duka lolote. Alitaka picha za pasipoti zetu, kwa sababu tiketi ya wanajeshi wa udongo hukatwa kwa jina na namba ya pasipoti, na langoni wanataka ile yenyewe, si nakala. Nimewahi kusikia watu waliorudishwa kwa sababu pasipoti imebaki kwenye kabati la hoteli. Tarehe tulikuwa salama: wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, China nzima iko barabarani, na kipindi hicho hata mwongozaji bora hana la kukusaidia. Sisi tulifika imeshapita.

Tukatoka mjini saa moja na nusu asubuhi. Wanajeshi wako Lintong, mashariki ya Xi'an, mwendo wa saa moja hivi kutegemea foleni. Kabla hatujafika, gari likakata kona na kuingia uwanja wa jengo kubwa lenye sanamu za wanajeshi mlangoni. Nilidhani tumewasili. Binti akageuka kwa tabasamu: hiki ni kiwanda cha nakala, mtaona zinavyofinyangwa, dakika ishirini tu, na choo chake ni kisafi.

Baba hajui Kiingereza cha maana, lakini hakunisubiri nitafsiri. "Huyu," alisema, "anatupeleka kwa winga."

Kwa asiyeijua Kariakoo: winga ni kijana asiye na duka. Anakupokea barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka kwenye duka la mtu mwingine, na bei unayotajiwa ina cha juu chake ndani. Baba alilisema neno hilo bila hasira hata kidogo, kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nikamkumbusha binti ujumbe wetu. Akaona haya. Akaeleza kwamba ofisi yake hupanga vituo hivi, na dereva naye huhesabiwa kitu kidogo kwa kila gari analoingiza, hata abiria wasiponunua.

Hapo mzee akanipokonya mazungumzo. "Muulize tukiondoka sasa hivi anapoteza kiasi gani." Binti akacheka, hakutaja. "Basi mwambie jioni nitamtazama yeye na dereva wake, kila mtu na chake, lakini saa zangu azitunze. Mimi nimeuza duka miaka thelathini, najua mteja anavyopotezewa muda." Tukaenda choo, ambacho kwa kweli kilikuwa kisafi, tukarudi garini. Tangu hapo yule binti alikuwa mtu mwingine. Nadhani alishazoea wageni wanaonuna kimya kimya kisha wanaandika malalamiko usiku.

Ukiona bei ya siku nzima iko chini kupita kiasi, ujue kuna mtu wa tatu anailipia, na anachotaka ni saa zako. Siku hizi ninapouliza bei nasema wazi nataka ile isiyo na duka, na kama ni kubwa zaidi anitajie.

Langoni binti alituazimia kiti cha magurudumu, kisha tukapanda kigari cha umeme kinachopunguza ule mwendo mrefu hadi kwenye mashimo walimo wanajeshi. Mashimo ni matatu na kila mtu hukimbilia Namba 1. Yeye akasema tuanze na la 3, halafu la 2, tumalizie na kubwa. La 3 ni dogo, makao ya makamanda, sanamu 68 na gari la farasi. Baba akainama kwenye reli. "Ndio hawa wote?" Nikaogopa tumefunga safari ya bure.

Shimo la 2 lilimtuliza kidogo. Sehemu kubwa bado haijafukuliwa, unaona mawimbi ya udongo yaliyoachwa na magogo ya paa lililoporomoka. Kwenye kabati la kioo yupo mpiga mshale aliyepiga goti. Binti alimzungusha mzee hadi nyuma ya kabati, mahali ambapo watu hawasimami, akamwonyesha soli ya kiatu. Fundi alitoboa alama za mishono, safu kwa safu, nyingi kisiginoni na vidoleni, chache katikati. Kwenye soli! Ya sanamu iliyokuwa inakwenda kufukiwa! Kikundi kilichokuwa karibu nasi kilipiga picha ya uso kikaondoka.

Halafu tukaingia Shimo la 1. Urefu wake ni kama mita 230 na upana 62, paa la chuma limeinama juu yake, na chini wamejipanga hao, safu baada ya safu, karibu wote wanatazama mashariki. Mzee alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Ghala. Nimekimbia maghala Guangzhou, umenileta kwenye ghala."

Hapa ndipo nilipogundua kazi niliyojipa. Binti alikuwa anaeleza dakika tano, mimi natafsiri sentensi mbili. Baba akanitazama. "Amesema yote hayo, wewe unanipa haya?" Ilibidi tupange upya: aseme kidogo, asimame, nitafsiri, aendelee. Muda uliliwa mara mbili, na ukiwa na mtu wa kutafsiriwa inafaa upunguze vituo mapema kuliko kukimbizana navyo mchana. Lakini mazungumzo yakawa ya watu watatu.

Akasimulia kwamba Machi 1974 wakulima wa kijiji cha jirani walikuwa wanachimba kisima kwa sababu ya ukame, jembe likagonga kichwa cha udongo. Alama ya kile kisima ipo pale pale, pembeni mwa shimo. Mfalme Qin Shi Huang, ambaye wanajeshi hawa walifinyangwa walinde kaburi lake, alirithi kiti akiwa na miaka 13, akaziunganisha falme zote za China mwaka 221 K.K., akafa mwaka 210 K.K. Akaweka mizani moja, vipimo vimoja, sarafu moja, mwandiko mmoja, hata upana wa ekseli za mikokoteni ukawa mmoja ili njia ziwafae wote. Baba, ambaye kila mwaka hugombana na plagi za pini mbili na za pini tatu, alikubaliana sana na huyu mfalme. Nikamwambia mfalme huyo huyo alichoma vitabu. "Hilo kosa," akasema, "lakini mizani moja, hapana, hapo alifanya kazi."

Kilichomshika kabisa ni jambo ambalo binti alilitaja kwa kupita tu. Sanamu nyingi zina majina ya mafundi, yamechongwa au kupigwa mhuri mahali pasipoonekana haraka. Si saini za wasanii wa kujivuna. Ilikuwa namna ya kukagua kazi: sanamu ikiwa na kasoro, ijulikane nani wa kuulizwa.

"Rudia," baba akasema. Nikarudia. "Muulize kama ana hakika." Ana hakika. "Muulize tena." Kisha akaanza kutusimulia, yeye sasa, juu ya katoni za swichi alizowahi kupokea bandarini, zilizokuwa zikiwaka zenyewe usiku. Mtu wa kiwanda alisema ni wa vipuri, wa vipuri akasema ni wa kufungasha, hadi leo hajui amdai nani. "Miaka elfu mbili na mia mbili iliyopita walikuwa na jina la fundi mgongoni. Mimi nina risiti yenye namba ya simu isiyopokelewa." Binti alicheka mpaka akashika reli, nami nilikuwa natafsiri kinyume, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na kazi ile ilikuwa tamu zaidi.

Nyuma ya Shimo la 1 kuna sehemu ya matengenezo. Wanajeshi wamesimama bila vichwa, wengine wamefungwa mikanda, wamezungukwa na makasha na vigae vyenye namba. Karibu wote walikutwa vipande vipande, kwa sababu paa liliungua na kuwaangukia. Rangi zao nazo zilipotea. Walipakwa nyekundu, kijani, zambarau, lakini utando uliobeba rangi hujikunja na kubanduka muda mfupi tu baada ya kuguswa na hewa kavu. Ni sababu mojawapo ya kutoharakisha kuchimba kilichobaki. Kaburi lenyewe la mfalme, kile kilima kisicho mbali na hapo, halijafunguliwa. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeandika kama karne moja baadaye, alisema ndani kuna mito ya zebaki, na vipimo vya udongo wa juu vimeonyesha zebaki nyingi kuliko kawaida. "Waliache," akasema mzee.

Tulikaa pale nyuma muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Makundi yalipita na bendera zao, la njano, la bluu, la njano jingine. Binti hakutuharakisha. Nilimwona anatazama saa mara moja, kisha akairudisha simu mfukoni.

Nje wauzaji wamepanga makomamanga. Lintong inasifika kwa makomamanga na tulikuwa kwenye msimu wake. Baba aliyanunua mwenyewe kwa kubonyeza bei kwenye kikokotoo cha simu na kutikisa kichwa, akapunguziwa, binti akashangaa. Chakula cha mchana tulikula mjini, kwenye mtaa wa Waislamu wa kabila la Hui nyuma ya Mnara wa Ngoma. Yangrou paomo inakuja kwanza kama mkate mgumu na bakuli tupu: unaumega mwenyewe, vipande vidogo vidogo, kisha bakuli linarudi jikoni kutiwa supu ya kondoo. Mpishi alilitazama bakuli langu akalirudisha. Vipande vikubwa mno. La mzee lilipita.

Msikiti Mkuu wa Xi'an uko hatua chache kutoka hapo, kwenye uchochoro wa maduka ya mikufu na feni za mkono. Ukiingia bila kuambiwa utadhani ni bustani ya hekalu. Hakuna kuba. Mnara ni jengo la mbao la ghorofa tatu lenye pembe nane, na paa la ukumbi wa sala lina vigae vya rangi ya feruzi. Jiwe mojawapo linadai msikiti ulianzishwa mwaka 742, ingawa majengo yanayoonekana leo chimbuko lake ni enzi ya wafalme wa ukoo wa Ming, kuanzia 1392. Ua unafuata ua, kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa sababu kibla cha hapa ni magharibi. Baba alisimama akijipanga. Sisi Dar es Salaam tunaelekea kaskazini karibu sawasawa, na mwili una mazoea yake.

Ukumbini hawaingii wasio Waislamu. Yule binti, aliyetuongoza tangu asubuhi, akabaki ngazini na viatu vyetu. Ndani, kuta zimezungukwa na mbao zilizochongwa Qur'ani, kwa Kiarabu na kwa Kichina. Wazee wenye kofia nyeupe walimsogezea baba nafasi. Tulipotoka, binti akauliza, "Kukoje ndani?" Amekuwa akiwaleta wageni miaka yote hajawahi kuona zaidi ya kizingiti. Mzee akakaa kwenye ngazi, akamweleza mbao, dari, mihrabu, na nani husimama wapi, nami nikatafsiri neno kwa neno, maana safari hii nilijua nitaulizwa.

Naye akatulipa kwa hadithi yake. Katika msikiti mwingine wa mtaa huo huo kuna jiwe la mwaka 1523 linaloeleza kwamba nahodha Zheng He, naye Mwislamu, alikuja huku mwaka 1413 kutafuta mkalimani kabla ya kusafiri magharibi, akamchukua imamu aitwaye Hasan. Sikumwacha amalize. Safari hiyo ilirudi 1415, na mwaka huo huo wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Ming twiga, nao Wachina wakampokea kama mnyama wa heri wa hadithi zao. Binti alimjua twiga. Malindi hakujua iko wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani ya simu, na baba akaongeza kwamba Malindi ana shemeji.

Kwenye ratiba tulibakiza pagoda ya Bata Bukini na Ukuta wa Mji. Pagoda, ya mwaka 652, tuliifuta. Binti akaniomba niandike kwenye WeChat, sasa hivi, kwamba tumeamua wenyewe, kwa sababu wateja wengine hukubali kuacha kituo kisha wakadai pesa zao ofisini. Nikaandika. Ukuta tuliuona kwa chini tu, Lango la Kusini, ngazi zilimshinda mzee: urefu wa mita 12, mzunguko karibu kilomita 14, vijana wanakodi baiskeli na kuuzunguka juu.

Hotelini baba alitoa bahasha mbili, ya binti na ya dereva. China kutoa bakshishi si desturi ya kila mahali, lakini wanaoongoza wageni wa nje wameizoea, na hii tulikuwa tumeahidi asubuhi. Dereva alikataa mara mbili kisha akapokea.

Gharama? Kwa watu wawili ni kubwa, sidanganyi. Mkiwa wanne au watano kwenye gari moja inakaribia ya kundi. Kijana mwenye miguu mizima anayetaka kuwaona wanajeshi tu, apande treni ya chini ya ardhi, njia ya 9, hadi Huaqingchi, kisha basi, na tiketi ilikuwa yuan 120. Hahitaji mtu. Mwenye mzazi, mwenye mtoto mdogo, au anayependa kuuliza maswali mara tatu, huyo akodi.

Mzee sasa anataka Nanjing, zilikojengwa merikebu za Zheng He. Nimeshamwandikia mwongozaji wa huko: hakuna maduka, vituo viwili kwa siku, ngazi chache, Alasiri msikitini. Akajibu kwamba bila maduka bei inapanda. Nikamsomea baba ile bei mpya, akaniambia nimlipe, na hakuomba hata punguzo.